Mmea wa sala kuungua ncha Arusha: usiguse udongo kwanza, angalia maji

Marahaba mdogo wangu. Swali lako lina mambo kama manne ndani yake, ngoja niliweke hapa kwa kifupi ili na wengine wafuatilie. Unakaa Sakina, Arusha, ulinunua mmea wa sala ule wenye mishipa myekundu kwa wauza maua wa barabarani, ukauweka sebuleni dirishani, na kila asubuhi unaupa nusu kikombe cha maji ya bomba. Miezi ya mwanzo ulikuwa unapendeza, sasa ncha za majani zinakauka zinakuwa kahawia, pembeni zinavunjika ukizishika, na siku hizi usiku majani hayasimami kama zamani. Rafiki yako kakwambia umwagie chai iliyobaki, mwingine kasema badilisha udongo uweke na mbolea, mama mkwe anasema utupe tu ununue plastiki. Na mwisho umeuliza kama una sumu maana mtoto ndo kaanza kutembea na anatafuna kila kitu.

Nianze na washauri wako. Chai hapana, hapana kabisa, na sababu nitaieleza huko mbele maana inagusa tatizo lenyewe. Udongo na mbolea subiri. Mama mkwe naye mwombe avumilie kidogo.

Ukisoma maelekezo ya huu mmea kwenye intaneti, mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na utaambiwa ncha zikikauka basi hewa ni kavu, nunua mashine ya kuongeza unyevu, au unamwagilia vibaya. Kwao mara nyingi ni kweli, msimu wa baridi wanawasha hita ndani na hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Ila we uko Arusha. Mtu wa Arusha au Usa River au Maji ya Chai akinitumia picha ya maranta (ndo jina lingine la huu mmea wa sala) iliyoungua ncha, kitu cha kwanza namuuliza ni maji yake yanatoka wapi, mambo mengine baadaye.

Floraidi, mdogo wangu. Habari zake unazijua hata kama hujawahi kuziunganisha na maua, si unaona watu waliokulia huku wengi meno yao yana rangi ya kahawia, ndo hiyo hiyo. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yanapita humo chini yanaibeba, na kiasi kinatofautiana ajabu, unaweza kukuta chemchemi moja maji yake safi tu na kisima cha jirani hakifai. Shirika la Afya Duniani kikomo chake kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuzunguka Meru vyanzo vinavyopita hapo ni vingi, vingine vinapita kwa mbali sana. Sasa maranta na ndugu zake wako kwenye lile kundi la mimea ambayo floraidi inaisumbua hata ikiwa chini ya hicho kikomo cha binadamu. Kwahiyo hata kama maji yenu yamepimwa mkaambiwa yanafaa kunywa, kwa huu mmea hiyo haimaanishi yanafaa.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mizizi inanyonya maji na floraidi ikiwa ndani yake, maji yanapanda mpaka kwenye jani, yanatoka kama mvuke kupitia vile vitundu vidogo vya chini ya jani, floraidi haiwezi kutoka na mvuke, inabaki. Na kwa vile safari ya maji ndani ya jani inaishia nchani na pembezoni, huko ndo inarundikana, leo kidogo kesho kidogo, mpaka seli za pale zinakufa. Ndo maana kinaanza nchani, kinafuata pembeni, alafu majani ya zamani yanaonekana mabaya kuliko machanga maana yamekusanya kwa muda mrefu. Picha uliyonitumia iko hivyo hivyo, jani la juu kabisa lililofunguka juzi ni safi, ya chini yameungua, na pale kahawia inapokutana na kijani kuna kamstari ka njano.

Ingekuwa hewa kavu peke yake ungeona jani jipya linashindwa kufunguka vizuri, linanasa kwenye lile bomba lake au linafunguka likiwa limeshachanika. Ingekuwa mizizi imeoza kwa maji mengi, majani yangekuwa njano lote zima kuanzia chini, vikonyo vinalegea, na ukinusa udongo unakutana na harufu ya mtaro. Kwako hakuna. Sisemi hewa haina mchango, kiangazi inachangia maana mmea unapoteza maji zaidi kwahiyo unavuta zaidi na floraidi inaingia zaidi, lakini chanzo mi naweka pesa yangu kwenye maji.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea. Utaambiwa acha maji kwenye ndoo usiku kucha bila mfuniko. Hiyo inasaidia kutoa klorini, dawa ya maji, maana klorini ni gesi inaondoka yenyewe. Floraidi haiondoki, utaiacha hata mwezi utaikuta. Utaambiwa chemsha. Kuchemsha ndo kunazidisha, maji yanapungua kwa mvuke floraidi inabaki ile ile ndani ya maji machache, sawa na chumvi kwenye mchuzi ulioachwa jikoni ukakauka. Vile vichujio vya kawaida vya udongo au vya mkaa wa kawaida vinavyokaa jikoni navyo haviitoi. Vinavyoitoa ni mitambo ya kuchuja kwa presha ile ya viwanda vya maji ya chupa, na makaa ya mifupa ya ng'ombe, hayo ndo wamekuwa wakiyafanyia kazi miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto. Na kwa kuwa una mtoto mdogo nikuambie jambo ambalo hukuuliza: meno ya kudumu ya mtoto yanatengenezwa huko ndani ya fizi tangu sasa, kabla hata hajang'oa ya utoto, kwahiyo maji anayokunywa yajue kiwango chake. Kumchemshia kunaua vijidudu, floraidi iko pale pale.

Turudi kwenye maua. Na ile chai? Mchai ni mmea unaokusanya floraidi kwenye majani yake kuliko mimea mingi sana, alafu unapoyachemsha inatoka inaingia kwenye maji. Ukichukua maji ya Arusha ukapika chai alafu iliyobaki ukammwagia maranta, umempa dozi mbili kwa pamoja. Kama ilikuwa na sukari na maziwa ndo umewaita na sisimizi na ukungu juu yake. Majani ya chai yaliyokamuliwa nayo wapelekee migomba.

Dawa yake ni maji ya mvua. Ni rahisi hivyo na haina gharama, na inaniuma kuona mtu anakimbilia kununua dawa wakati bati analo. Kinga kwenye gata mvua ikishanyesha dakika kadhaa, ile ya mwanzo iache ioshe vumbi na mavi ya ndege kwanza. Usifikirie unahitaji tenki, chungu kama chako cha upana wa sentimita 15 hivi hakinywi maji mengi kwa wiki kwa hali ya Arusha, kwahiyo ndoo moja ya lita 20 yenye mfuniko (mfuniko ni lazima, mbu) inakuvusha kiangazi chote. Kinga masika, kinga tena vuli, umemaliza. Ukiishiwa katikati nunua chupa ya maji ila soma lebo kwanza, wengi wanaandika kiwango cha floraidi kwenye ile orodha ya madini, chukua yenye namba ndogo kabisa. Na kwa walioko Dar wanaosoma hapa na hawana shida ya floraidi bali wana maji ya kisima yenye chumvi, yale maji yanayodondoka kwenye eisii (kiyoyozi) ni mazuri tu kwa maranta, kingeni.

Ukishapata maji ya mvua usianze tu kumwagilia taratibu kama zamani, kwanza osha udongo. Peleka chungu bafuni au nje, mimina maji ya mvua polepole yapite mpaka yatoke chini, subiri kidogo, mimina tena, jumla iwe kama mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, uache yachuje yote. Au kama ni msimu, siku ya manyunyu ya taratibu uweke nje chini ya mti ukae jioni nzima, usiuweke kwenye mvua ya kupiga maana majani yake ni laini yatachanika. Hapo unaondoa na chumvi nyingine, kwenye picha nimeona udongo wako una ukoko mweupe juu karibu na ukingo wa chungu, huo ukoko unasababishwa na hii tabia yako ya nusu kikombe kila siku.

Hebu tuiseme vizuri hiyo tabia. Nusu kikombe kila asubuhi hakitoshi kufika chini na kutoka, kwahiyo kila kilichomo kwenye maji kinabaki kwenye chungu, maji yanakauka madini yanabaki, kesho tena, kesho tena. Alafu juu kunakuwa na unyevu muda wote vinzi vinazaliana, chini mizizi mingine haijaonja maji. Mwagilia kwa kushiba: mimina mpaka yatoke kwenye matundu ya chini, kile kisahani baada ya nusu saa kimwage, usiache chungu kimekalia maji. Alafu ngoja. Chomeka kidole, ukikuta juu pamekauka kina cha sentimita mbili hivi mwagilia tena, ukikuta bado pana unyevu ondoka. Kwa Arusha inaweza kuwa siku nne kipindi cha Januari na Februari, ikawa siku kumi mwezi wa saba, kwahiyo usishike ratiba shika kidole. Mizizi ya maranta ni mifupi iko juu juu, haipendi kukauka kabisa kama ule mmea wa ulimi wa mama mkwe, na haipendi matope.

Sasa tuje kwenye majani kutosimama usiku, hii naipenda kuiongelea kwahiyo nivumilie.

Huu mmea, Maranta leuconeura, kwao ni Brazili, kwenye misitu ya upande wa bahari ya Atlantiki, unatambaa chini kabisa ya miti mikubwa. Pale jani linapoungana na kikonyo kuna sehemu imevimba kidogo kama goti, iguse utaisikia. Ndani yake seli za upande mmoja zinajaa maji na za upande wa pili zinapungua, chumvi za potasiamu zinahama maji yanazifuata, jani linainuka jioni. Asubuhi kinyume chake. Kwahiyo siyo kukua wala kunyauka, ni maji kuhama upande. Charles Darwin na mwanae Francis walichapisha mwaka 1880 uchunguzi wao wa mimea inavyojongea na mmoja wa waliowaangalia ni Maranta arundinacea, ndugu wa huu wako. Na kabla yao, mwaka 1729, Mfaransa mmoja Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliweka mmea wa jamii ya kifauongo mahali pa giza akaona majani yanaendelea kufunguka na kufunga kwa wakati wake bila kuona jua, maana yake mmea una saa yake ndani. Lakini saa hiyo inarekebishwa kila siku na mwanga, na ndo hapo kwako pana shida.

Umesema dirisha liko karibu na taa ya ulinzi ya nje inayowaka usiku kucha, na kwamba televisheni iko palepale mnaangalia mpaka usiku wa manane. Mmea haujui saa ngapi. Unahitaji tofauti ya wazi kati ya mchana na usiku, ukiupa mwanga hafifu saa 24 zile seli zinapata taarifa za kugongana na jani linabaki katikati. Weka pazia zito upande wa ile taa au uuhamishie chumba kingine. Sababu ya pili ni uchovu, mmea wenye mizizi yenye chumvi unashindwa kuvuta maji vizuri, na kama nilivyosema kuinuka kwa jani ni maji tu. Ukishaosha udongo na usiku ukawa giza, mara nyingi mwendo unarudi ndani ya wiki chache, hata yale majani yaliyoungua ncha yanainuka maana goti lake bado zima. Na angalia usichanganye, ukikuta mchana jani limejikunja kwa urefu kama sigara hiyo ni kiu au jua kali.

Kuhusu dirisha lenyewe, hapa tena maelekezo ya wazungu yanapotosha. Wanasema weka dirisha la kaskazini maana huko kwao ndo upande usio na jua. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta, kuanzia Aprili mpaka Septemba jua la mchana linapita upande wa kaskazini kwahiyo ndo dirisha hilo hilo linalochomwa, na kuanzia Novemba mpaka Februari linahamia kusini. Dirisha la magharibi jua la saa tisa ni kali mwaka mzima, usiweke. La mashariki ni zuri, jua la asubuhi la mapema haliumizi sana ukiweka pazia jepesi. Na kumbuka Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, jua la huku linachoma hata siku ambayo unasikia baridi. Kipimo changu ni kivuli cha mkono, nyoosha mkono juu ya mmea saa sita mchana, kivuli kikiwa na ukingo mkali sogeza ndani, kikiwa cha ukungu ukungu hapo panafaa, kisipoonekana kabisa pana giza mno. Ukizidisha jua rangi inapauka na ile mishipa myekundu inafifia, ukizidisha giza vikonyo vinarefuka na mmea unalegea, na usiku unakuwa hausogei sana maana tofauti ya mchana na usiku ni ndogo.

Baridi ndo kitu kingine cha Arusha. Maranta inafurahia joto la nyuzi 18 mpaka 27, chini ya 15 inasimama kukua. Juni na Julai usiku nje inashuka mpaka 13 hivi, na nyumba zetu hazina hita, kwahiyo karibu na kioo cha dirisha panakuwa baridi kweli. Kipindi hicho usiku uvute ndani mbali na kioo, punguza maji, usiweke mbolea, na usishtuke ukiona hautoi jani jipya mwezi mzima. Watu wanaua maranta nyingi mwezi wa saba kwa kuzimwagilia kwa hofu, wanaona mmea umesimama wanadhani una kiu.

Unyevu wa hewa. Kunyunyizia majani kwa chupa kunapendeza kwenye video, unyevu wake unaisha ndani ya dakika chache tu. Kama unapenda kunyunyizia nyunyizia, ila maji ya mvua, ya bomba yataacha madoadoa meupe na floraidi juu ya jani. Kinachosaidia kidogo ni kuweka mimea kadhaa pamoja, au chungu juu ya sinia la kokoto lenye maji chini ya kokoto, chungu kisiguse maji. Bafuni kwenye dirisha kama mwanga upo ni mahali pazuri kuliko sebuleni. Arusha kwa kweli hewa sio mbaya, miezi ya kuangalia ni Septemba na Oktoba na ile ya mwanzo wa mwaka, na hapo ndo utitiri mwekundu unapokuja. Geuza jani uangalie chini, ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba ndo wenyewe, au vidung'ata vyeupe kama pamba kwenye maungio ya vikonyo. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande kidogo sana, suuza, rudia baada ya siku tano sita mara kadhaa. Usipulizie dawa za mboga ndani ya nyumba yenye mtoto.

Udongo nilisema usubiri, na bado nasema. Mmea wenye msongo ukiubadilisha udongo unauongezea kazi. Uoshe kwanza, uangalie majani mapya mawili matatu yanatokaje, ukikuta mizizi inachungulia chini ndo uhamishe, na uhamishe msimu wa joto. Chungu kipana kifupi ni bora kuliko kirefu, mizizi haiendi chini. Mchanganyiko ninaoupenda ni kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu mbili, mboji iliyoiva vizuri sehemu moja, na sehemu moja ya kitu cha kupitisha hewa, maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu au vipande vidogo vya mkaa wa kawaida wa kupikia. Kokopiti ioshe mara kadhaa kabla ya kutumia maana nazi za pwani zina chumvi. Ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka ukikauka usiuweke hata kidogo. Wenye mabanda ya maua wakipambana na floraidi huwa wanachanganya chokaa ya dolomaiti kwenye udongo kwa sababu kalsiamu inaishika floraidi isiingie kwenye mizizi, ila maranta inapenda udongo wenye asidi kidogo, kwahiyo kwa chungu kimoja cha nyumbani nusu kijiko cha chai inatosha, na kama una maji ya mvua huhitaji.

Mbolea, ukifika wakati wake, ya maji ya kawaida ya maua, weka robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi msimu wa joto tu. Kuwa makini na zile zenye fosfeti nyingi, supafosfeti na fosfeti ya mawe zina floraidi ndani yake tangu kwenye mwamba zilikochimbwa, utakuwa umefunga mlango ukafungua dirisha. Na urea ya mahindi tafadhali iache shambani.

Ncha zilizoungua hazirudi kuwa kijani, hilo ulijue mapema ili usikate tamaa. Unaweza kuzikata kwa mkasi safi kufuata umbo la jani, ila bakiza kamstari kembamba ka kahawia, ukikata kwenye kijani unafungua kidonda na ukingo mpya utakauka tena. Majani ambayo zaidi ya nusu yameungua toa kabisa kutoka chini. Kipimo cha kama umepona ni majani mapya tu, kukiwa na joto utaona jipya kila baada ya wiki mbili tatu, na ukiona jipya limefika umri wa miezi miwili bado ncha yake ni safi basi maji ndo yalikuwa shida na umeshatoka. Ukiona limeanza tena nchani, rudi kwangu na picha ya mizizi.

Wakati unasubiri kata kishina kimoja chenye kifundo, yaani pale jani linapochipukia, kata chini ya kifundo kidogo, weka kwenye glasi ya maji ya mvua mahali pa mwanga usio wa jua. Kinatoa mizizi ndani ya wiki chache, na hicho kitakuwa kimeanza maisha bila floraidi kwenye udongo, unaweza kuvilinganisha na mama yake. Mtu mwenye maranta moja tu anakuwa na wasiwasi sana, mwenye tatu analala.

Na angalia vyungu vyako vingine pia. Masale na jamaa zake wote wa ndani, ule mmea wenye majani membamba marefu yenye mstari mweupe unaoning'iniza watoto, lile yungiyungi la ndani lenye ua jeupe, hao wote floraidi inawachoma ncha vile vile na nina uhakika ukienda kuangalia sasa hivi utakuta mmoja ana kahawia. Poto wa kupanda ukutani yeye hajali sana, maji ya bomba yaliyobaki mpe yeye.

Kuhusu mtoto, maranta haina sumu kwa mtu, wala kwa paka na mbwa. Jamaa zake wa msitu wa Kongo ndo majani wanayofungia chikwange (ule mkate wa muhogo) ikapikwa humo humo. Akitafuna jani mtoe mdomoni asikabwe, muoshe, basi. Wa kumweka juu asikoweza kufika ni ule mwingine niliouona nyuma kwenye picha, mkubwa wenye majani mapana ya kijani na madoa ya krimu katikati. Huo ni difenbakia, utomvu wake una vichomo vidogo vidogo vinavyovimbisha ulimi na koo, na huo ndo uhamishe leo kabla hata hujaanza habari za maji ya mvua. Hata poto niliyekwambia mpe maji ya bomba naye yuko hivyo hivyo, apande ukuta lakini aanzie juu.